Farasi wa Shemeji Walivyogoma Igawilo

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ana imani kwamba kila gari linalotoka Japani limebanwa pumzi tangu kiwandani, na kwamba wahandisi wa Toyota, pamoja na elimu yao yote, walisahau jambo moja ambalo yeye amefunuliwa na muuza spea wa Mwanjelwa. Jambo hilo ni filta ya hewa. Kwa mujibu wake, ukiitoa ile ya karatasi iliyokunjwakunjwa ndani ya boksi la plastiki, ukafunga ya pamba, nyekundu, yenye umbo la koni, injini hupata farasi wa ziada, yaani nguvu, ambao mwenye gari hakuwa na habari nao.

Nilimkabidhi Toyota IST yangu Ijumaa jioni aende kuiosha tu, kwa kuwa kesho yake tulikuwa tunapeleka mahari Tukuyu, nami ndiye niliyekuwa mshenga. Gari lilirudi safi, likinguruma kama Fuso.

"Unasikia, shemeji?" aliniambia, mkono juu ya boneti. "Sasa linapumua."

Mngurumo haukuwa wa uongo. Lile boksi la kiwandani hupunguza mlio wa hewa inayovutwa, na likiondolewa mlio wote humfikia dereva, ambaye huupokea kama nguvu. Kwa bahati mbaya boksi hilohilo huvuta hewa ya baridi kutoka pembeni, mbali na joto la injini, ilhali koni iliyo wazi huvuta hewa iliyokwisha kupata moto chini ya boneti, na hewa ya moto ni nyepesi. Sisi wa Mbeya hatuna hewa ya kuchezea: mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo, ile pampu ya kushindilia hewa, hupoteza huku karibu sehemu moja ya sita ya nguvu iliyokuwa nayo Dar es Salaam. Upungufu huo hauzibwi kwa pamba nyekundu.

Filta za aina hiyo, nikiri kwa haki, zina utaratibu wake: hupakwa mafuta maalumu, kidogo sana, ili yanase vumbi. Mafuta hayo muuza spea hakuwa nayo. Shemeji, ambaye hakubali kukwamishwa na vitu vidogo, aliingia jikoni kwa dada yake akachukua alizeti, na kwa kuwa ni mtu mkarimu, akaimwagia mpaka ikachuruzika.

Hadi Uyole safari ilikuwa na heshima zote. Nyuma alikaa shangazi wa bwana harusi, mwanamke wa kimo na uzito wa kutosha kuwakilisha ukoo, pamoja na mjomba aliyepakata mkoba wa fedha. Shemeji alikaa mbele kuwasikiliza farasi wake. Tulipoanza kupanda Igawilo, shangazi alinusa, akanusa tena, akauliza ni nani aliyebeba maandazi bila kuwakaribisha wenzake. Hakuna aliyejibu. Alizeti ilikuwa inadondokea injini iliyochemka, na gari zima lilinukia kama kibanda cha mama ntilie saa kumi na mbili asubuhi.

Kisha taa ya injini ikawaka. Nilikanyaga mafuta, gari likafikiri kwanza, likashtuka, likarudi kufikiri. Tulipitwa na lori la viazi. Tulipitwa na bajaji, na abiria wake akatupungia mkono. Mwishowe shangazi aliombwa kwa adabu ashuke ili kupunguza mzigo, akapanda mlima kwa miguu, mwavuli mkononi, huku sisi tukimfuata na gari kwa nyuma bila kumfikia.

Fundi alikuja kwa bodaboda kutoka Uyole na mashine ya kupimia. Ikasoma P0171, maana yake mchanganyiko wa petroli na hewa una petroli kidogo mno. Alichomoa sensa ya hewa, kile kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini, akatuonyesha waya wake, mwembamba kuliko unywele. Waya huo hupashwa moto kwa umeme, hewa inayopita huupoza, na kwa kiasi cha kupoa huko kompyuta ya gari hujua imwage petroli kiasi gani. Wetu ulikuwa umekaangwa. Ulivikwa utando wa alizeti, haukuhisi tena baridi ya hewa, ukairipotia kompyuta kwamba hewa ni chache, nayo ikabana petroli.

Aliupulizia dawa ya kusafishia sensa bila kuugusa, akauliza boksi la kiwandani liko wapi. Lilikuwa kwenye buti, chini ya mablanketi ya mahari. Ile filta ya karatasi aliipigapiga kwenye tairi, likatoka wingu la vumbi la Usangu, na shemeji akaruka: "Mnaona? Hilo ndilo lililokuwa linatubana!" Hata hapo alikuwa na nusu ya ukweli. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima magari ya kisasa yenye filta zilizoziba, ikakuta ulaji wa mafuta haubadiliki, kwa kuwa kompyuta husawazisha. Kinachopungua ni wepesi wa kuchanganya mwendo, na tiba yake ni karatasi nyingine mpya. Lakini yetu, chafu vilevile, ilitupandisha mlima wote, shangazi akiwa ndani.

Tuliotarajiwa kufika saa nne tulifika saa nane. Wazee wa Tukuyu walitupokea kwa "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, wakatukalisha, kisha wakatusomea faini ya kuchelewa: shilingi 50,000, kabla ya neno lolote la mahari. Mimi kama mshenga niliinamisha kichwa kupokea. Shemeji alisimama, akaomba ruhusa, akawaeleza wazee kwa kirefu kwamba gari lenye filta ya namna ile haliwezi kuchelewa.

Waliongeza 20,000 kwa kubishana na wakwe.