Fundi, kabla hujapiga Windows, fungua akaunti mpya

Juzi jioni jirani yangu hapa Uyole, Mbeya, aligonga mlango, kompyuta ameikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. Ni mwalimu. Alikuwa ametoka nayo kwa fundi Mwanjelwa, imepigwa Windows upya, yaani ya zamani imefutwa na kuwekwa nyingine, kwa Sh20,000. Inawaka haraka kweli. Ila maazimio ya kazi ya miaka 6 hayamo, na picha za marehemu mama yake hazimo. Fundi alinakili folda ya Documents. Mwalimu vitu vyake alikuwa akiviweka dekstopu.

Nilimuuliza ilikuwa inasumbua nini. Akiweka nywila, skrini inabaki nyeusi na mshale peke yake, halafu ikoni zinatokea, zinapotea, zinatokea tena. Hapo roho iliniuma. Yangu ilifanya hivyohivyo Juni mwaka jana, katikati ya ile baridi yetu, na sikufuta hata faili moja.

Niliingia setingi, sehemu ya akaunti, nikaongeza mtumiaji mwingine. Dakika 5 haziishi. Nikatoka kwangu, nikaingia kwa yule mpya: dekstopu ikaja yote, ikatulia.

Kila mtumiaji wa Windows ana folda yake kwenye diski C, ndani ya Users, na setingi zake zimo humo katika faili la NTUSER.DAT. Zipo programu zinazojisakinisha humo humo na kujiwasha kila mwenye akaunti anapoingia. Mtumiaji mpya hana mizigo hiyo. Mashine ni ileile, Windows ni ileile, kwa hiyo tatizo likitoweka kwake, kilichoharibika kiko kwenye akaunti ya zamani, na huko ndiko pa kutafuta. Kwangu ilikuwa programu ya bure ya kubadilisha PDF. Nilirudi kwenye akaunti yangu, nikaitoa, kazi ikaendelea.

Tatizo likibaki hata kwa mtumiaji mpya, hapo kashuku draiva (programu inayoendesha kifaa kama skrini), diski au RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta). Nakubali diski inayokufa haiponywi na akaunti. Nakubali pia fundi mwenye foleni ya wateja anaona kupiga Windows ndiyo njia fupi. Lakini njia fupi hiyo ni yake. Anayepoteza picha za mama yake ni mteja. Fundi, jaribu kwanza. Kipimo hiki hakifuti kitu.

Na wewe unayejaribu nyumbani, usiifute akaunti ya zamani hata kama mpya inafanya kazi vizuri. Ukiifuta kwenye setingi, mafaili yake yanaondoka nayo.

Kompyuta ya mwalimu iko mezani kwangu, imezimwa. Nimemwomba asiiwashe kabisa, maana kila ikiwashwa inaweza kuandika juu ya vile vilivyofutwa. Diski yake ni ile ya zamani ya kuzunguka, kwa hiyo matumaini yapo. Kesho asubuhi napanda nayo bajaji hadi Soweto, kwa kijana mmoja anayejua kurudisha mafaili.