Risasi zinazofanana: je, kaliba moja kwa wote ndiyo dawa?

Kwa walinzi wa hifadhi na wawindaji wenye kibali huku Haut-Katanga, mazungumzo juu ya risasi iliyoingizwa kwenye bunduki isiyo yake huwa na pande mbili. Upande mmoja unataka kikosi kizima kishike kaliba moja, yaani aina moja ya kipimo cha risasi, nyingine zote zitoke ghalani. Wa pili unasema hofu imekuzwa: risasi isiyo ya bunduki ile haiingii, basi.

Upande huu wa pili una watetezi wengi, na si wa kupuuzwa. Umbo la risasi lenyewe huzuia makosa mengi. Risasi ya bunduki ya rashasha PKM, 7.62×54R (namba ya kwanza ni kaliba, ya pili ni urefu wa ganda, zote kwa milimita), ina ukingo uliochomoza kitakoni. Haikai kwenye magazini ya AK. Ganda la risasi ya bunduki ya FAL, 7.62×51, linazidi la AK, 7.62×39, kwa milimita 12. Boliti ya AK haifungi juu yake hata ukilazimisha.

Lakini geuza mambo, uiweke risasi fupi kwenye chemba ndefu. Ya AK ikitumbukizwa kwa mkono ndani ya chemba ya FAL, inazama. Mara nyingi kipini cha kufyatulia hakiifikii na hakuna kinachotokea. Siku kikiifikia, ganda halina ukuta wa kuegemea, linapasuka, na gesi ya moto inarudi nyuma kuelekea macho ya mpigaji. Isitoshe, kichwa cha risasi ya AK kina kipenyo cha mm 7.92, na mtutu wa FAL umechongwa kwa kichwa cha mm 7.82.

Mfano mbaya kuliko wote unatoka Marekani. Risasi ya .300 Blackout, iliyopata viwango rasmi mwaka 2011, imeundwa kwa ganda la 5.56 lililofupishwa hadi mm 35 hivi. Inakaa kwenye magazini zilezile za 5.56, na boliti ya bunduki ya 5.56 inaweza kufunga juu yake kana kwamba kila kitu kiko sawa. Kichwa cha mm 7.82 hakina pa kupita kwenye mtutu wa mm 5.7. Shinikizo lote linabaki nyuma: chemba inapasuka, magazini inafumuka kwa chini. Si risasi ya kila siku hapa Lubumbashi, lakini inatosha kuangusha dai kwamba bunduki itajikinga yenyewe.

Basi kaliba moja? Faida yake ni kubwa: mlinzi akiokota magazini ya mwenzake gizani, ni ileile. Gharama nayo ni kubwa, maana silaha zilizokwisha lipiwa zinawekwa kando. Na hata baada ya hapo, mchanganyiko haujaisha. Risasi ya 5.56 ya kijeshi na .223 ya kiraia zinalingana kwa nje. Bunduki ya 5.56 hupiga .223 bila shida. Kinyume chake ndicho cha kuepuka: koo la chemba ya .223, nafasi kabla ya michirizi, ni fupi, kichwa kinagusa michirizi ya mtutu mapema, shinikizo linapanda. Kwa kawaida matokeo ni kiwashio cha kitakoni kung'oka au ganda kukwama, si bunduki kulipuka, na anayelitangaza kama balaa anatia chumvi. Ila bunduki iliyokwama mbele ya majangili ni hatari ya namna yake.

Rangi za ncha zinanitia wasiwasi zaidi. Ncha ya kijani kwenye 5.56 ya NATO, aina ya M855, ni risasi ya kawaida yenye chuma mbele. Ncha ya kijani kwenye 7.62×39 ya mtindo wa Kisovieti ni risasi ya mwanga, inayowaka ikiruka. Aliyejifunza rangi upande mmoja akapewa sanduku la upande mwingine, kisha akapiga juu ya nyasi kavu za hifadhi ya Kundelungu mwezi wa nane, ameanzisha moto wa pori.

Ushauri wa "soma kitako cha ganda" nao una mpaka wake. Risasi za kiraia huandikwa kaliba, kwa mfano 308 WIN. Za kijeshi za Kisovieti na Kichina huwa na namba ya kiwanda na mwaka tu. Kwa hizo, ushahidi ni sanduku lake la asili. Likipotea, inabaki kupima kwa vernia, ileile ya mafundi wa gereji: urefu wa ganda, kisha kipenyo cha kichwa.

Kwa hiyo naegemea kaliba moja pale bajeti inaporuhusu, lakini naanza na daftari, ambalo halina gharama. "7.62, vipande 600" haikubaliki, iandikwe 7.62×39 au 7.62×51, aina ya kichwa, na namba ya shehena. Kaliba moja mezani kwa wakati mmoja, magazini zijazwe hapo, masanduku yarudi kabla nyingine hazijatolewa. Risasi zinazorudi mfukoni baada ya doria zisichanganywe na za sandukuni hadi zikaguliwe moja moja. Isiyotambulika haipigwi kwa majaribio. Inatengwa kwenye sanduku lenye alama na kukabidhiwa kwa wataalamu wa kuharibu risasi.

Na mlio ukitoka hafifu kuliko kawaida, usipige ya pili. Mtutu ubaki umeelekea mahali salama, toa magazini, fungua boliti, hakikisha chemba ni tupu, kisha pitisha ufito wa kusafishia mtutuni. Ukigota, kuna kichwa kimekwama ndani, na bunduki hiyo ni ya fundi wa silaha kuanzia hapo.