Mtalii wa Kilimanjaro Ana Sura Gani?

Nilipokuwa nikitafuta kampuni ya kunipandisha Kilimanjaro, nilipitia tovuti na vipeperushi vya kampuni kadhaa, nikagundua jambo ambalo huenda macho yangu yalikwisha kulizoea: Waafrika wamejaa katika matangazo hayo, lakini hakuna hata mmoja anayepanda mlima kwa ajili yake mwenyewe. Mzungu amesimama kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, mikono ikiwa hewani; Mwafrika ama amejitwika furushi, ama anapakua uji ndani ya hema, ama anaimba na kucheza kumlaki mgeni kambini. Kwa hiyo silalamiki kwamba hatumo pichani. Tumo, na kazi tuliyopewa humo ni ileile siku zote.

Siidharau kazi hiyo. Mpandaji mmoja huhitaji wagumu watatu au wanne, kama wapagazi wa mlima huo wanavyojiita, kila mmoja akibeba mzigo wa hadi kilo 20, na bila wao wageni wengi wasingefika hata kambi ya Horombo. Kinachonikera ni kwamba tangazo huwafanya kuwa sehemu ya mandhari, pamoja na barafu na mawingu. Hata picha ya kileleni mara nyingi hupigwa na mwongozaji mwenyewe, na ndiyo sababu hayumo.

Mazoea haya ni ya tangu zamani. Vitabu vinawataja Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller kuwa wa kwanza kufika kilele cha Kibo, Oktoba 1889. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kuwa mwongozaji wao, alisubiri hadi maadhimisho ya miaka 100, mwaka 1989, ndipo akaenziwa hadharani. Kuna pia Luteni Alexander Nyirenda, aliyeuwasha Mwenge wa Uhuru kileleni Desemba 1961. Habari yake tumefundishwa shuleni, lakini sijawahi kumwona katika kipeperushi chochote cha kuuza safari za mlimani. Kiswahili nacho hakikusalimika: kimebakiziwa “pole pole” na “hakuna matata”, na kauli hii ya pili sijapata kumsikia mgumu akimwambia mgumu mwenzake.

Wenye kampuni watasema kwamba mteja wao ni mgeni mwenye dola, na biashara humfuata mteja. Hoja hiyo ina uzito, ila inachukulia kwamba mgeni lazima awe mweupe. Mei 2022, wapandaji weusi wa msafara wa Full Circle Everest walifika kilele cha Everest, na miongoni mwao alikuwamo Mkenya James Kagambi, mwenye umri wa miaka 62. Miaka kumi kabla yake, Mtanzania Wilfred Moshi alikuwa amekwisha kufika huko. Watu wa namna hii wana jamaa, marafiki na wafuasi wenye uwezo wa kulipia safari, nao wakifungua tovuti zetu hawakuti mtu wa kufanana nao isipokuwa aliyebeba mzigo.

Kuhusu mteja wa nyumbani, kiingilio cha hifadhi anacholipa mwananchi ni sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni. Sikatai kwamba zipo gharama nyingine: mwongozaji, wagumu, chakula, koti zito la kukodi, na siku sita za likizo ambazo si kila mwajiri atazitoa. Picha haitazilipa. Lakini mtu hawezi hata kuulizia bei ya kitu alichokwisha kuaminishwa kuwa si chake. Nina ndugu Moshi mjini ambao huuona mlima kila asubuhi mawingu yanapofunguka, na hunywa bia na maji yenye jina lake. Nilipowaambia kwamba nakwenda kupanda, waliniuliza ni nani aliyenipatia kazi huko.

Baadaye niliiandikia kampuni moja kuuliza kama ina picha ya Watanzania waliopanda wakiwa wateja. Nilijibiwa kwa adabu, kwa Kiingereza, nikatumiwa picha tano mpya za wagumu wakicheza langoni.