Dole gumba sina jingine

Mwezi wa kumi na moja nilikwenda benki moja hapa Moshi kuomba mkopo wa kuongeza mtaji wa mitumba, nijaze meza yangu ya Kiborloni kabla watu hawajaanza kupanda kutoka Dar kuja Krismasi. Nilikuwa na kila kitu: leseni ya biashara, TIN, barua ya serikali ya mtaa, wadhamini wawili. Kijana wa mikopo akabofyabofya, kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta. "Mama, hapa una deni la simu. Halijalipwa, huu mwaka wa pili." Shilingi elfu themanini na saba, pamoja na riba. Laini iliyokopa siijui.

Sijawahi kukopa kwa simu. Niko kwenye kikoba na wanawake wenzangu wa sokoni na rejesho langu halijalala hata wiki moja. Nikamwambia hivyo. Nadhani aliniamini, ila akasema, "Mimi naona kilichoandikwa tu."

Nje, kivulini, nikapiga *106# nione laini zilizosajiliwa kwa namba yangu ya NIDA. Zikatoka nne. Mimi nina mbili. Nikakumbuka mwishoni mwa 2019, zile foleni za kusajili kwa alama za vidole kabla laini hazijaanza kuzimwa Januari 2020. Wakala kakaa chini ya mwavuli, kashika kimashine chake: "Mama rudia kidole, mtandao unasumbua." Nikarudia mara tatu, mara nne. Siwezi kuapa kwamba mambo yaliharibika siku ile. Ninachojua ni kwamba mtu fulani alinitumia jina, na aliyeliandika jina hilo kwenye orodha ya wasiolipa hakunipigia hata simu moja kuniuliza.

Desemba mdogo wangu alikuja nyumbani Kibosho kutoka Marekani, anakoishi mwaka wa kumi na tatu sasa. Tukiwa jikoni kwa mama tunamenya ndizi za machalari nikamsimulia. Akaweka kisu chini. Na yeye yalimkuta, tena kwa jambo lililokumba karibu nusu ya nchi nzima.

Kule kuna kampuni tatu kubwa zinazokusanya habari za kila mtu anayekopa: Equifax, Experian na TransUnion. Mwaka 2017 wezi waliingia Equifax wakachota taarifa za watu wapatao milioni 147: majina, tarehe za kuzaliwa, anwani, na ile namba ya tarakimu tisa ya hifadhi ya jamii ambayo Mmarekani anaitumia kwa karibu kila jambo la fedha. Tundu walilopitia lilikuwa linajulikana. Lilikuwa kwenye programu iitwayo Apache Struts, na kiraka cha kuliziba kilitolewa Machi. Kampuni haikukiweka mahali kilipotakiwa. Wezi wakaingia katikati ya Mei, wakagunduliwa mwishoni mwa Julai, na wananchi wakaambiwa tarehe 7 Septemba. Mkurugenzi mkuu, Richard Smith, aliachia ngazi mwezi huohuo, na mwezi uliofuata akalieleza Bunge lao kwamba kulikuwa na kosa la mtu na kosa la mitambo.

Mdogo wangu hakusimama sana kwenye mambo ya wezi. Kilichomuuma ni kwamba hajawahi kwenda Equifax. Hakuwahi kujaza fomu yao wala kuwapa jina lake. Jina lilipelekwa huko na benki, na kampuni ya kadi, na aliyemuuzia gari kwa mkopo. Siku lilipoibwa ndipo akajua liko kwao, na kuanzia hapo kazi yote ikawa yake: kufuatilia, kupanga foleni ya simu, kuomba faili lake lifungwe ili mtu asikope kwa jina lake. Tena kufunga kwenyewe, katika majimbo mengi, kulikuwa kwa kulipia, na ilibidi uende kwa kila kampuni peke yake. Hadi tarehe 21 Septemba 2018, mwaka mzima baada ya wizi kutangazwa, ndipo sheria ya nchi ilipoagiza iwe bure. Hata watu walipokuwa wanahangaika kutafuta msaada, akaunti ya kampuni hiyo mtandaoni iliwaelekeza baadhi yao kwenye tovuti ambayo haikuwa ya kampuni. Mwaka 2019 yakafikiwa makubaliano ya kulipa hadi dola milioni 700, na walioathirika wakasikia habari ya dola 125 kwa mtu. Walioomba wakawa wengi mno kuliko fungu lililotengwa. Yeye aliletewa dola chache ambazo hazifiki kumi.

Nimelifikiria sana hili. Muuza dawa akinifanyia vibaya, kesho nanunua duka jingine. Lakini hawa hata hainifikii zamu ya kuwahama, kwa sababu mimi si mteja wao. Mteja ni mkopeshaji. Mimi ni kile kinachouzwa.

Msinielewe kwamba nataka kumbukumbu za mikopo zifutwe. Mama asiye na kiwanja, anayelipa kikoba na SACCOS kwa wakati, anastahili kuonekana, na kumbukumbu nzuri inaweza kuwa dhamana yake pekee. Tanzania tuna kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012 zinazosimamia kampuni za taarifa za wakopaji, na tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, ambayo inampa mtu haki ya kuomba aone kilichoandikwa juu yake na kirekebishwe. Nashukuru zipo. Lakini haki ya kurekebisha inakukuta ukiwa umeshanyimwa mkopo.

Ninachodai kije mapema kuliko hapo. Laini zangu mbili za kweli zinajulikana. Mtu akikopa kwa NIDA yangu, ujumbe uje kwenye laini hizo saa hiyohiyo, na mkopo usitoke mpaka nijibu. Nikitaka kulifunga faili langu nilifunge mwenyewe kwa simu, bila nauli ya kwenda Dar na bila kumlipa mtu. Na nikisema deni si langu, mkopeshaji ndiye atoe ushahidi kwamba ni langu, na wakati anautafuta deni hilo lisimame, lisinizibie mlango. Leo ni mimi ninayetakiwa kuthibitisha kwamba sikukopa. Jambo usilolifanya unalithibitishaje?

Ninasema kwa haraka hii kwa sababu namba ya NIDA ina tarakimu ishirini, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Tumeiandika kwenye vitabu vya wageni, kwenye fomu za shule, kwenye madaftari ya mawakala, na kwenye programu za mikopo ya kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Taarifa walizokwisha kukusanya ziko wapi leo? Neno la siri likiibwa unabadilisha. Siku ya kuzaliwa hubadilishi, na dole gumba sina jingine.

Januari nilikwenda kwenye duka la kampuni ya simu kuzifungisha zile laini mbili. Binti wa kaunta alikuwa mpole, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisogezea kimashine nithibitishe kwamba mimi ndiye mimi. Nikaweka dole gumba. Akaniambia nirudie.

Laini zimefungwa. Deni bado liko kwenye faili. Nimeshaandika barua mbili, na nakala zenye mhuri wa kupokelewa ninazo kwenye mkoba.