Kidonda cha kifundoni kinataka bandeji, si unga wa kapsuli

Kidonda kikikaa juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, ngozi ya pembeni ikawa nyeusi na ngumu, na mguu ukawa unavimba jioni, chanzo mara nyingi kiko kwenye mishipa inayorudisha damu moyoni. Vali zake zimelegea. Damu inatuama chini, maji yanavujia kwenye nyama, ngozi inadhoofika, na mkwaruzo mdogo unageuka donda la miezi.

Kwa hiyo unga wa kapsuli za rangi mbili, yaani za antibiotiki, ambao wengi Moshi na Arusha humwagia kidondani haugusi chanzo. Unaganda na kuziba majimaji, na unaweza kuleta mzio. Antibiotiki ni ya maambukizi ya kweli: joto na uvimbe unaosambaa, usaha, homa, maumivu yanayozidi. Damu iliyotuama huondolewa kwa kubana mguu.

Ila asifungwe mtu bandeji ya kubana kabla ya kupimwa mishipa inayopeleka damu chini. Kugusa mapigo kwa kidole hakutoshi. Presha ya kifundoni (ile namba ya juu kati ya mbili), iliyopimwa kwa dopla, kifaa kinachosikiliza damu ikipita mshipani, hugawanywa kwa ile ya mkononi: 110 kwa 130 ni kama 0.85, na mguu huo unaweza kubanwa kikamilifu. Chini ya 0.8, aamue daktari. Chini ya 0.5, ni rufaa ya haraka. Ikizidi 1.3, hasa kwa mwenye kisukari, mishipa huenda imekakamaa na kipimo kinadanganya. Kama zahanati haina dopla, mgonjwa apelekwe hospitali ya rufaa kwanza. Nauli hiyo ina faida kuliko kupoteza vidole.

Kufunga kwenyewe kuna ufundi. Kidonda huoshwa kwa maji safi ya vuguvugu na kufunikwa kwa kitambaa kisichonata. Inafuata pamba laini ya rola, kama ile ya chini ya plasta ngumu (POP) ya mfupa uliovunjika, iongezwe kwenye muundi na palipochongoka. Kifundo chenye mzunguko chini ya sentimita 18 kinahitaji pamba zaidi, maana mguu mwembamba hubanwa vikali na bandeji ileile. Wayo ukunjwe kifundoni kama wa mtu aliyesimama. Kisha bandeji: anza mashinani mwa vidole, funika kisigino, zungusha umbo la nane kifundoni, kisha panda, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, hadi vidole viwili chini ya goti. Lengo ni milimita 40 za zebaki kifundoni, zikipungua kuelekea juu. Anayekaza zaidi juu anatengeneza kamba ya kuzuia damu, na anayeacha kisigino wazi atakikuta kimevimba. Krepu moja ya dukani, ile bandeji nyepesi inayovutika, haifiki kiwango hicho.

Bandeji hukaa wiki moja, au hubadilishwa mara mbili kwa wiki majimaji yakiwa mengi. Vidole vikipoa, vikibadilika rangi au kufa ganzi, fungua papo hapo.

Mama anayesimama sokoni Mbuyuni au Kilombero kutwa nzima asiambiwe tu “pumzika”. Ana watoto wa kulisha. Aelezwe kutembea na kunyanyua visigino mara kwa mara, kwa sababu kigimbi ndicho pampu ya damu, na akipata nafasi ainue miguu juu kuliko moyo.

Kidonda kikifunga, vali hazijapona. Soksi za kubana zivaliwe asubuhi kabla ya kushuka kitandani, zivuliwe wakati wa kulala, na zinunuliwe mpya kila miezi 3 hadi 6, kwani mpira wake huchoka.