Jeni "iliyoboreshwa": bora kwa nani?

Neno "kuboresha" limetuponza. Siku hizi ukitaka jeni ya kutengenezwa unabandika mfuatano wa protini yako kwenye tovuti ya kampuni, unachagua seli itakayoipokea, iwe bakteria wa E. coli, hamira, seli za wadudu au za binadamu, unabofya, na chai haijapoa umeshapewa jeni "iliyoboreshwa". Wiki iliyopita, kantini ya Mlimani, kijana mmoja wa uzamili aliniambia bila kuinua macho kwenye sahani ya wali: "Dokta, nani siku hizi anahangaika na kodoni? Programu inamaliza kila kitu." (Kodoni ni neno la herufi tatu ndani ya jeni, linalotaja asidi amino moja, yaani tofali moja la protini.) Dada aliyekaa pembeni yake, ambaye miaka yake mingi imeishia kwenye protini za malaria, akadakia: "Ikishamaliza yenyewe, mdogo wangu, ndipo wewe unapoanza."

Naandika kwa ajili ya huyo dada. Watu wa msimamo wake huonekana wazee wa maabara wanaoogopa programu, na hilo si kweli.

Msingi nitaupitia haraka, maana wengi wenu mnaujua. Kodoni 61 zinabeba asidi amino 20. Methionini ina kodoni moja tu. Leusini, serini na arginini zina sita sita. Kodoni za namna hiyo ni visawe, kama fika na wasili: maana ni ile ile, ila kila mtaa una neno ulilolizoea na jingine la kusikika kwa nadra. Kwa E. coli, AGA na AGG za arginini ni maneno ya nadra. tRNA, yaani molekuli zinazozisoma na kuleta asidi amino, ni chache, na ribosomu, mashine ya seli inayounga protini, ikizikuta hungoja. Sisi binadamu tunazitumia hizo hizo bila wasiwasi. Basi ikaja hoja nyepesi: futa maneno ya nadra, andika yale yanayopendwa na mwenyeji, yaani seli iliyoipokea jeni. Mwaka 1987 Sharp na Li walitoa kipimo kiitwacho CAI, kinachoonyesha jeni yako inafanana kiasi gani na zile ambazo mwenyeji huzisoma kwa wingi. Kipimo hicho kingali hai ndani ya programu nyingi za leo.

Kijana nisimdhulumu, ana ushahidi. Mwaka 1977 Itakura na wenzake, huko California, waliunda kwa kemia jeni ya somatostatini, homoni ya asidi amino 14, wakaipandikiza kwenye E. coli na homoni ikapatikana. Insulini ya binadamu ikafuata kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1996 jeni ya gp120, protini ya ganda la nje la virusi vya UKIMWI, iliandikwa upya kwa kodoni zinazopendwa na binadamu, na protini ikaongezeka kwa kiwango kikubwa. Jeni ya kipande cha sumu ya pepopunda, yenye A na T tele (mbili kati ya herufi nne za DNA), ilipotiwa kwenye hamira ilitoa RNA, yaani nakala ya jeni inayosomwa na ribosomu, zilizokatika kabla ya mwisho. Ilibidi iandikwe upya ndipo ikasomwa yote. (Angalieni lakini: kilichotibiwa hapo si mwendo wa ribosomu. Hamira ilikuwa inakutana na alama za kukatia katikati ya sentensi.) Tena kuna jambo la kawaida kabisa: jenomu ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, iliyochapishwa mwaka 2002, ina A na T karibu asilimia 80, na jeni za namna hiyo ni shida kuziunda kwa kemia. Usipoandika upya, hata kichupa cha jeni hukipati.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2009 Kudla na wenzake walitengeneza jeni 154 za protini moja, ile ya kijani inayong'aa, GFP. Zote zilitoa protini ile ile, herufi kwa herufi. Zilitofautiana katika visawe tu. Wakazitia kwenye E. coli. Kati ya jeni iliyong'aa zaidi na iliyofifia zaidi, tofauti ilikuwa mara 250. Ungetegemea CAI iwe imeeleza tofauti hiyo. Haikueleza. Kilichoeleza zaidi ya nusu yake ni mkunjo wa RNA karibu na mwanzo, pale ribosomu inapopanda: ukiwa umejifunga sana, ribosomu haipati pa kushika. Yaani mlango ulikuwa na uzito kuliko barabara nzima.

Ila takwimu isiyonitoka kichwani ni nyingine, na ni ya kwetu zaidi kwa sababu inahusu malaria. Mwaka 2006 ilichapishwa kazi ya watu waliochukua jeni 1,000 za P. falciparum, wakazijaribu zote kwenye E. coli. Zilizotoa protini ni 337. Zilizotoa protini inayoyeyuka, ile unayoweza kuifanyia kazi bila kuikwangua kutoka kwenye mabonge, ni 63. Sitini na tatu katika elfu! Nikiwasomea wanafunzi namba hiyo, kila mwaka kuna anayeinua mkono: "Si kwa sababu hawakuboresha kodoni?" Ni swali halali. Lakini waandishi walitafuta ni nini kinachozitenga zilizofaulu na zilizoshindwa, wakakuta ukubwa wa protini, sehemu zake zisizo na umbo maalumu, chaji yake, na kukosa ndugu miongoni mwa protini za E. coli. Matumizi ya kodoni hayakuonekana kuwa na uzito mkubwa, wala asilimia ya A na T. Wenyewe waliandika kwamba hilo liliwashangaza.

Hapa inabidi nijibane mwenyewe. Jeni zote hizo zilitoka kwa kimelea kimoja, na karibu zote zimejaa A na T. Ukilinganisha watu warefu kwa warefu, utaweza kusema urefu hausaidii mpira wa kikapu. Kwa hiyo kazi ile haithibitishi kwamba kuandika upya ni kazi bure. Inachoonyesha ni kidogo kuliko hicho, ila kinatosha kunikosesha raha: protini nyingi zilikwama mahali ambapo kubadilisha visawe hakufiki. Zilikwama kwenye kujikunja.

Nako kwenye kujikunja ndiko kodoni ya polepole inapopata utetezi wake. Protini huanza kujikunja ingali inatoka kwenye ribosomu. Mpika chapati anajua donge lisipopumzishwa halisukumiki, linajirudi tu. Mwaka 2013 watafiti wa kuvu aitwaye Neurospora walichukua jeni ya saa yake ya mwilini, frq, ambayo kwa asili ina kodoni nyingi zisizopendwa, wakaiboresha. Protini ikaongezeka, na saa ikaharibika, kwa sababu umbo la protini lilibadilika. Kabla yake, mwaka 2007, kwa binadamu ilionekana kwamba badiliko la kisawe ndani ya jeni ya MDR1 linaweza kubadilisha namna protini yake, pampu inayotoa dawa nje ya seli, inavyozishughulikia dawa hizo. Visawe vile vile, tabia tofauti.

Ndiyo maana kundi la Angov, lililokuwa likitafuta chanjo ya malaria katika taasisi ya Walter Reed huko Marekani, likaandika mwaka 2008 kuhusu njia ya tatu: kuoanisha. Hawakuweka kodoni ya kasi kila mahali. Penye kodoni ya nadra kwa kimelea waliweka iliyo ya nadra kwa E. coli, na penye ya kawaida wakaweka ya kawaida, ili mwendo wa asili uhame pamoja na jeni. Protini za malaria zilizokuwa zikisumbua zikatoka kwa wingi, na zinayeyuka. Siyo dawa ya kila kitu, maana nako ni kukisia mwendo kwa kuhesabu kodoni. Lakini ni makisio yenye adabu kwa jeni ya asili.

Kuna kichekesho kinachonifanya niegemee kwa dada waziwazi. Mtu anaagiza jeni iliyoondolewa kila kituo, yaani kila kodoni ya polepole, ili ribosomu isisimame popote. Protini inatoka mabonge. Anafanya nini? Anashusha inkubeta kutoka nyuzi 37 hadi 18, analala, ili kila kitu kwenye seli kiende taratibu na protini ipate muda wa kujikunja. Dar ya Februari, kuifikisha mashine nyuzi 18 usiku kucha si jambo dogo, na umeme ukikatika saa nane za usiku jaribio limekwenda. Amelipia kasi, kisha analipia tena kuiondoa.

Halafu kuna mwenyeji mwenyewe. Chanjo mbili za malaria zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, zote zilijaribiwa Bagamoyo, na protini zake hutengenezwa kwenye hamira, kila moja aina yake. RH5.1, protini nyingine inayotazamiwa kuwa chanjo ya malaria, hutengenezwa kwenye seli za nzi wa matunda, na ilibidi kwanza yafutwe maeneo ambayo seli hizo zingepachika sukari ambayo kimelea hapachiki. Hakuna kisawe kinachotatua hilo, kwa kuwa kufuta eneo la sukari ni kubadilisha asidi amino yenyewe. Mambo haya ni maamuzi ya mtu anayeijua protini yake, na kitufe cha kuboresha huja baada ya hapo.

Kwa maabara yenye fedha za jeni moja, hoja ya kijana bado ina nguvu, nami nisingemlaumu anayebofya na kwenda zake, hasa kama protini ni ndogo na imara. Lakini fedha zikitosha jeni tatu, nisingeziagiza zote kwa programu moja. Ningeacha mwanzo wa RNA ulegee kwenye kila moja. Tena nisingehukumu kwa unene wa bendi kwenye jeli, ule mstari unaoonyesha protini ni nyingi kiasi gani. Ningepima kiasi kinachoyeyuka na kama protini inafanya kazi yake.

Kijana alinipigia juzi. Ameagiza mbili: moja ya programu, nyingine iliyooanishwa, aliyoipanga na dada kodoni kwa kodoni, jioni mbili. Vichupa vikifika vitaonekana vitupu kama kawaida. Ameshajiandikisha kwenye zamu ya inkubeta, na nimeona kwenye daftari kajaza nyuzi 18 kwa zote mbili.