Aliyepiga dawa yuko semina, anayefua nguo zake yuko wapi?

Wiki iliyopita lilizunguka tangazo kwenye kundi la WhatsApp la kijiji chetu, huku juu ya Uyole, Mbeya, tunakolima viazi. Semina ya matumizi salama ya viuatilifu, yaani dawa za mashambani, saa tatu asubuhi, ofisi ya kijiji. Wanaalikwa wakuu wa kaya na wenye mabomba ya kupulizia. Na siku yenyewe ni ya mnada. Nimekasirika, na hasira haijaisha, ndiyo maana naandika.

Najua nitakachojibiwa: hakuna mwanamke aliyezuiwa mlangoni. Kweli, hakuna. Lakini kwetu mwenye bomba ni mwanaume, mkuu wa kaya ni mwanaume mpaka afe au ahame, na siku ya mnada mama yuko sokoni na viazi vyake tangu alfajiri. Wanawake watakaobahatika kufika watasaini kwenye karatasi yenye safu ya ME na KE, taarifa itakwenda wilayani, na suala la jinsia litakuwa limefungwa. Kitakachofundishwa ni kilekile: namna ya kuvaa bomba, kuchagua nozeli, kusimama upande upepo unakotoka. Hilo ni somo la mtu mmoja tu katika nyumba nzima.

Tuitazame hiyo nyumba. Viazi vyetu vinasumbuliwa na bakajani chelewa, ugonjwa unaopenda baridi na unyevu, na sisi vyote viwili tunavyo tele kuanzia Novemba hadi Mei. Mvua ikikolea, ukizembea siku chache shamba zima linaungua majani. Kwa hiyo watu wanapiga dawa kila wiki, na wengine hawasubiri hata wiki iishe. Bomba moja linameza lita 16 au 20 za maji, na ekari moja inataka mabomba mengi. Maji hayo yanatoka mtoni kwa kichwa, na kichwa chenyewe ni cha mama na watoto. Mume anamimina unga kwenye pipa, mke anamimina maji, unga unatimka, wote wawili wanauvuta. Mume ana buti na pengine ovaroli. Mke ana kitenge na kandambili.

Kesho yake mke anaingia shambani kupalilia na kupandishia udongo. Lebo ya dawa inaeleza ni muda gani mtu asiingie kwenye shamba lililopuliziwa, ila mke hajawahi kuishika hiyo lebo. Pakiti ilichanwa na kutupwa ukingoni. Mpulizaji alipita kwenye tuta kwa dakika chache akiwa wima. Mpaliliaji anashinda humo ameinama, mikono mitupu, majani yenye dawa yakimpiga magotini na usoni.

Halafu inakuja kazi ambayo sijawahi kuisikia kwenye semina hata moja: kufua. Nimemwona mama yangu mdogo akifua ovaroli ya mumewe nyuma ya jiko. Ovaroli imekakamaa mapajani kwa unga wa manjano uliokauka. Mtoto yuko mgongoni. Analoweka kwenye beseni la plastiki, anasugua kwa sabuni ya mche na mikono ambayo baridi ya Juni imeshaipasua, na ngozi iliyopasuka hupitisha sumu kirahisi kuliko ngozi nzima. Maji ya kwanza yana rangi ya tope la njano. Anayamwaga kando ya tuta la chainizi. Kisha, kwa sababu maji ni ya kubeba, nguo za mtoto zinaingia kwenye beseni lilelile bila kulisuuza. Mama mdogo si mzembe. Ni mwanamke msafi kuliko wengi ninaowajua, na kama angeambiwa mara moja tu, angefanya vingine. Hajaambiwa, kwa sababu aliyepanga somo hakumwona kabisa kama mtu anayegusa dawa.

Si kwamba natia chumvi. Mankozebu, dawa ya ukungu ambayo karibu kila mkulima wa viazi anaijua, Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuiruhusu mwaka 2020, na sababu zilizotolewa ni pamoja na madhara kwa uzazi na kuvuruga homoni. Ikivunjika inatoa kemikali inayoathiri tezi ya shingoni. Hapa kwetu inauzwa kwenye kila duka la pembejeo, na leo siandiki kudai ipigwe marufuku. Ninachouliza ni hiki: kama hofu kubwa ya dawa hii ni kwenye uzazi, inakuwaje mjamzito ndiye mtu wa mwisho kufundishwa habari zake? Shukeni Ilula, Iringa, kwenye nyanya, huko wanapuliza profenofosi, dawa ya wadudu ya kundi linalofungia kimeng'enya cha mishipa ya fahamu. Ikimwingia mtu, anatokwa mate na machozi, anatoka jasho, misuli inachezacheza, na dozi ikizidi pumzi inabana. Wanaochuma nyanya hizo kwa vibarua wengi ni akina mama.

Sasa mama huyu akiumwa kichwa, akatapika, akaona kizunguzungu, atakwenda zahanati. Atapimwa malaria, atapimwa mkojo, atarudi na dawa za maumivu. Kwenye kadi kazi yake imeandikwa mama wa nyumbani. Hakuna anayemuuliza shamba lao limepulizwa lini, kwa hiyo ugonjwa wake hauingii popote kwenye hesabu ya sumu za mashambani, na anayepanga semina ya mwaka ujao ataiangalia hesabu hiyo na kuona wanaodhurika ni wanaume watupu. Atawaalika tena wenye mabomba. Hapa ndipo pananiuma zaidi. Kosa la kwenye daftari linazaa kosa la kwenye tangazo, na kosa la kwenye tangazo linarudi kulithibitisha daftari.

Nitakubali jambo moja, japo kwa shingo upande. Saa ya kupuliza, mwenye bomba mgongoni ndiye anayekula dozi kubwa kuliko wote, na lazima afundishwe. Najua pia afisa ugani mmoja ana vijiji kadhaa na pikipiki isiyo na mafuta. Sawa. Ila hata huyo mwanaume tunamfundisha nusunusu. Vijana wa huku wanapuliza kwa kulipwa kwa bomba, na akivaa barakoa wenzake wanamcheka, wanamwita mwoga. Akisikia kichefuchefu anakunywa maziwa na kuendelea, kwa sababu mwanaume hakimbilii zahanati kwa kichefuchefu. Ukimpa glavu bila kuyagusa maneno hayo, glavu atazitundika ukutani. Hayo nayo ni mambo ya jinsia, na safu ya ME haiyaoni.

Karatasi nchi hii tunazo, shida ni nani anaamua ndani ya nyumba. Ipo Sera ya Taifa ya Jinsia na Maendeleo ya Wanawake ya mwaka 2023. Tangu sheria ya mwaka 2020 tunayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Upo Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na ni haki uwepo, maana Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 kwa mwaka 2020. Lakini fedha ya viazi ikikaa mfukoni mwa baba na moshi ukakaa machoni mwa mama, mtungi wa gesi utaisha na kugeuzwa stuli. Kamati za maji nazo wanawake wamo, ila ukihudhuria vikao utaona nani anaongea. Na wenzetu wa Njombe wenye vinyungu, zile bustani za mabondeni, wanajua maji ya mvua yakishuka kutoka mashamba ya juu yaliyopigwa dawa yanaishia kwenye mboga za nani.

Ninachotaka si semina ya pili ya wanawake watupu yenye soda na biskuti. Nataka somo lenyewe libadilike. Mume na mke waitwe pamoja, jioni, siku isiyo ya mnada. Somo lipelekwe pia kwenye vikoba na kwenye kliniki siku ya kupima watoto, maana huko wanawake wapo tayari na hakuna wa kuwatafuta. Yafundishwe ya kufua: nguo za dawa zifuliwe peke yake, zisuuzwe kwanza kabla ya sabuni, beseni lake liwe lake, maji yasimwagwe kwenye mboga wala karibu na kisima, zianikwe juani. Na lisemwe waziwazi mbele ya wanaume kwamba aliyepiga dawa afue mwenyewe. Mikono anayo, na mjamzito asizishike kabisa nguo hizo. Ifundishwe siku ya kurudi shambani baada ya kupuliza, na kitambaa chekundu kifungwe kwenye mti ukingoni ili hata asiyejua kusoma ajue. Dumu tupu lisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye bomba, kisha litobolewe, kwa sababu dumu zima litaishia kubeba maziwa au mafuta ya kula.

Kwa upande wa zahanati na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, naomba kitu kimoja tu. Mama akija analalamika kichwa na kizunguzungu msimu wa viazi, kabla hajapelekwa maabara aulizwe: mama, kwenu mmepiga dawa lini, na nani amefua? Jibu liandikwe kwenye daftari. Swali hilo halihitaji fungu wala mgeni rasmi, linaweza kuanza kuulizwa kliniki ya wiki ijayo.